Nguvu Si Udumifu: Istilahi za Upimaji wa pH ya Zege

1. Utangulizi

Fundi agongapo nguzo kwa nyundo akasikia mlio mkavu, husema zege ni zima. Mhandisi apimapo nguzo ile ile kwa kemikali aweza kusema kwamba zege hilo halina tena uwezo wa kuzilinda nondo zilizomo ndani yake. Wote wawili waweza kuwa wamesema kweli, kwa sababu hawakuzungumzia jambo moja. Fundi amezungumzia nguvu. Mhandisi amezungumzia udumifu. Lakini katika Kiswahili chetu cha kila siku mambo haya mawili hubebwa na neno moja tu, "uimara", na hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Ripoti za ukaguzi wa majengo aghalabu huandikwa kwa Kiingereza. Uamuzi wa kulikarabati jengo, kulihama au kuliacha kama lilivyo, mara nyingi hufanywa na watu wanaojadiliana kwa Kiswahili: kamati ya shule, viongozi wa msikiti au kanisa, wenye nyumba na mafundi wao. Ikiwa ripoti imesema kwamba pH ya zege imeshuka, na mfasiri akaandika kwamba "zege limedhoofika", kamati yaweza kuamua kubomoa jengo ambalo lingeokolewa kwa gharama ndogo. Au, kwa kuwa wanaliona zege lenyewe ni gumu, yaweza kuipuuza ripoti na kupiga lipu juu ya ufa, wakati nondo zinaendelea kuliwa na kutu ndani. Makosa yote mawili hutokana na neno.

Makala haya yanakusudia kueleza kipimo cha pH ya zege, namna kinavyofanyika na kinachoweza kutuambia, kisha kuyachunguza maneno yanayohitajiwa katika fani hii. Istilahi zinazopendekezwa hapa ni mapendekezo tu, mpaka zitakapojadiliwa na wataalamu wa fani pamoja na wataalamu wa lugha.

2. Saruji, zege na chokaa

Kabla ya kuingia katika kemia, yafaa tuvitenganishe vitu vyenyewe. Saruji ni unga unaotoka kiwandani, ambao ukichanganywa na maji huganda na kuwa mgumu. Zege ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji. Nondo ni vyuma vinavyolazwa ndani ya zege ili livumilie mvuto, kwa kuwa zege peke yake huvumilia sana mgandamizo lakini hukatika upesi likivutwa.

Katika mazungumzo husikika "daraja la saruji" au "nguzo ya saruji" kwa maana ya zege. Katika hadithi au habari za gazeti jambo hilo halina madhara. Katika ripoti ya upimaji lina madhara, kwani pH ya mmumunyo wa saruji tupu na pH ya zege lililokaa miaka 30 katika hewa ni mambo mawili tofauti. Neno saruji lenyewe limesafiri mbali. Asili yake ni Kiajemi, na huko lilitaja mchanganyiko wa kujengea wenye chokaa, uliotumiwa hasa mahali penye maji kama vile mabirika. Kwa hiyo neno lililowahi kumtaja ndugu wa chokaa sasa linataja unga wa kiwandani. Si ajabu kwamba maana yake bado inayumba.

Chokaa ni muhimu kwa maelezo yetu kwa sababu ndiyo inayobeba siri ya zege. Saruji inapoganda kwa maji hutoa, pamoja na mambo mengine, chokaa nyingi, yaani hidroksidi ya kalisi. Chokaa hii hubaki ndani ya vitundu vidogo vidogo vya zege, pamoja na maji kidogo yaliyobaki humo. Maji hayo ya vituduni, yakiisha kulowana na chokaa na chumvi nyingine za saruji, huwa na ualkali mkubwa sana. Huo ndio ualkali tunaoupima.

3. pH ni nini

Alama pH ilitungwa mwaka 1909 na mwanakemia wa Denmark, Søren Sørensen, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen. Ni namba inayoonyesha jinsi mmumunyo ulivyo na asidi au alkali. Maji safi, katika joto la sentigredi 25, yana pH 7. Namba iliyo chini ya 7 ni ya asidi: maji ya limau, kwa mfano, yana pH kati ya 2 na 3. Namba iliyo juu ya 7 ni ya alkali: maji ya ziwa Magadi nchini Kenya yana pH inayokaribia 10. Maji yaliyoshiba chokaa yana pH ya takriban 12.45. Maji ya vituduni mwa zege changa huwa na pH kati ya 12.5 na 13.5.

Kuna mambo mawili ambayo mfasiri hana budi kuyakumbuka.

La kwanza ni kwamba namba hizi hazipandi kama namba za futi au kilo. Kila hatua moja ya pH ni mara 10. Zege lililotoka pH 12.5 likafika 8.5 limeshuka hatua 4 tu kwa kuhesabu, lakini ualkali wake umepungua mara 10,000. Kwa hiyo mtu akisema kwamba pH "imepungua kwa theluthi moja", amesema jambo lisilo na maana ya kikemia.

La pili ni kwamba namba hupanda pale asidi inaposhuka. Kwa sababu hiyo majina kama "kipimo cha uchachu" au "kiwango cha asidi" hayafai. Msomaji akiambiwa kwamba kiwango cha asidi cha zege ni 12, atadhani asidi ni nyingi mno, kumbe haipo kabisa. Aidha zege lililopoteza ulinzi wake, lenye pH 8.5, bado lina alkali. Halijawa chachu. Sentensi kama "asidi imeingia katika zege", ambayo huonekana kuwa tafsiri nyepesi ya kushuka kwa pH, ni ya uwongo. Kilichotokea ni kwamba ualkali umepungua hadi mahali ambapo chuma hakilindwi.

Tunapendekeza alama pH ibaki kama ilivyo, kwa kuwa ni ya kimataifa kama zilivyo alama za elementi, na itanguliwe na neno "kiwango" pale inapohitajika: "kiwango cha pH". Isemwe kwamba pH imepanda au imeshuka; isisemwe kwamba asidi imeongezeka, ila pale ambapo mmumunyo umevuka chini ya 7.

4. Kwa nini nondo haishiki kutu ndani ya zege

Chuma kikiachwa nje katika mvua hushika kutu baada ya siku chache. Chuma hicho hicho kikizikwa ndani ya zege lenye maji na hewa hukaa miaka mingi kikiwa safi. Sababu si kwamba zege huzuia maji yasiingie, kama wengi wanavyodhani. Zege hupitisha maji. Sababu ni kwamba katika ualkali mkubwa chuma hujitengenezea juu yake utando mwembamba mno wa oksidi, ambao huzuia kutu isiendelee. Utando huu hauonekani kwa macho. Ukikwaruzwa, hujirudisha wenyewe, mradi ualkali ungaliko.

pH ikishuka chini ya 11 utando huanza kupoteza uthabiti wake. Ikifika karibu na 9 haupo tena. Hapo nondo huwa kama chuma chochote kilichoachwa katika unyevu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kati ya mara 2 na mara 6 kufuatana na aina ya kutu. Kwa kuwa hakuna nafasi ya ziada ndani ya zege, kutu husukuma. Ufa hutokea sambamba na nondo, halafu kipande cha zege hubanduka na kuanguka. Mwenye nyumba huona ufa kwanza na hudhani zege ndilo lililoharibika, ilhali zege limepasuliwa na chuma.

Utando huo tunapendekeza uitwe "utando kinga". Jina "ngozi ya chuma" lingeeleweka kwa mafundi, lakini lingechanganywa na rangi au uchafu unaoonekana juu ya nondo kutoka kiwandani.

5. Ukabonatishaji: rafiki wa Kilwa, adui wa nondo

Hewa tunayovuta ina gesi ya kaboni dioksidi, nayo imekuwa ikiongezeka: kutoka takriban sehemu 317 katika kila milioni mwaka 1960, hadi zaidi ya sehemu 420 mwaka 2024. Gesi hii huingia polepole katika vitundu vya zege, huyeyuka katika maji yaliyomo, na kukutana na chokaa. Chokaa hugeuka kuwa kabonati ya kalisi, ambayo ndiyo dutu iliyomo katika matumbawe na makombe. Ualkali huondoka pamoja na chokaa hiyo, na pH hushuka hadi kati ya 8 na 9. Badiliko hili huanzia usoni pa zege na kwenda ndani kama maji yanavyopanda katika kitambaa.

Watu wa pwani yetu walilitumia badiliko hili karne nyingi kabla ya saruji ya kisasa, ambayo Joseph Aspdin alipewa hataza yake nchini Uingereza mwaka 1824. Matumbawe yalichomwa juu ya rundo la kuni, yakapoteza gesi yake na kuwa chokaa. Chokaa ikatiwa maji, ikachanganywa na mchanga na kujengewa. Ukutani ilivuta gesi ile ile kutoka hewani na kurudi taratibu kuwa jiwe. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na jumba la Husuni Kubwa, lililojengwa katika karne ya 14, vimesimama kwa chokaa iliyogeuka kabonati. Kwa kuta hizo badiliko hili lilikuwa ndilo kukomaa kwenyewe.

Mbona basi kwa zege la leo liwe hatari? Jibu ni nondo. Zege lisilo na nondo halidhuriwi nalo. Tena zege lililogeuka kabonati aghalabu huwa gumu zaidi usoni, kwa kuwa kabonati hujaza baadhi ya vitundu. Chombo kinachopima ugumu wa uso wa zege kwa kudunda hutoa namba kubwa zaidi juu ya zege la namna hii kuliko juu ya zege lisilobadilika. Kwa maneno mengine, nyundo humsifu mlinzi aliyekwisha kuondoka lindoni.

Kwa hiyo neno "kuoza", ambalo huja upesi mdomoni kwa kila kitu kinachoharibika, halifai hapa. Kilichooza hulainika, zege hili halikulainika. Neno "kufa" nalo halifai, maana humfanya msikilizaji afikiri kwamba jengo lote limekwisha.

Istilahi yenyewe inahitaji uangalifu. Kwa kufuata sauti ya Kiingereza, mtu aweza kutunga "ukabonishaji". Lakini shina "kaboni" litatupeleka kwenye kitu kingine: kugeuza mti kuwa makaa ni kuufanya kaboni. Tena kuna kutia gesi katika vinywaji kama soda, ambako hakuna makaa wala kabonati. Mambo haya matatu yakipewa jina moja, mwanafunzi atapotea. Linalotokea katika zege ni kugeuka kuwa kabonati; basi shina liwe "kabonati", na istilahi iwe "ukabonatishaji". Pale fundi anapoelezwa kwa mdomo, yatosha kusema "zege limegeuka kabonati" na kumkumbusha chokaa ya ukutani.

Mwendo wa ukabonatishaji hauko sawa mahali pote. Huenda upesi zaidi pale unyevu wa hewa ulipo wa wastani, kati ya asilimia 50 na 70. Zege lililojaa maji halipitishi gesi kwa urahisi, na zege kavu kabisa halina maji ya kuiyeyusha gesi. Zege lililochanganywa kwa maji mengi kupita kiasi, au lililoachwa bila kumwagiliwa siku za mwanzo, huwa na vitundu vingi na hupitisha gesi upesi.

Katika hali isiyobadilika, kina cha ukabonatishaji hufuata kipeuo cha pili cha muda: ili kina kiwe mara 2, muda huwa mara 4. Zege lililogeuka milimita 10 katika miaka 10 litafika milimita 20 katika mwaka wa 40, na milimita 30 katika mwaka wa 90. Hesabu hii ina funzo kubwa kwa mafundi wetu. Nondo iliyofunikwa kwa milimita 20 za zege katika jengo hilo italindwa miaka 40. Ikifunikwa kwa milimita 10 italindwa miaka 10 tu. Aliyepunguza kifuniko kwa nusu amepoteza robo tatu ya muda wa ulinzi. Vile vipande vidogo vya zege vinavyowekwa chini ya nondo kuziinua, ambavyo mafundi huviita biskuti, vina thamani ya miongo mizima.

6. Namna ya kupima

Njia zitumikazo sana ni mbili, nazo hazijibu swali moja.

Njia ya kwanza ni ya rangi. Hutumiwa kiashiria kiitwacho fenolfthalini, kilichoyeyushwa katika spiriti kwa kiasi cha takriban asilimia 1. Kiashiria hiki hakina rangi pH inapokuwa chini ya 8 na kidogo, na huwa na rangi ya zambarau iliyoiva pH inapokaribia 10 na kuendelea. Mpimaji huvunja kipande cha zege, au hukata nguzo ndogo ya duara kwa mashine, kisha huupulizia kiashiria uso ule mpya. Sehemu ya ndani hushika rangi. Ukanda wa nje, uliokwisha kugeuka kabonati, hubaki na rangi yake ya kijivu. Upana wa ukanda huo hupimwa kwa rula, kutoka usoni pa zege hadi ukingo wa rangi. Hicho ndicho kina cha ukabonatishaji.

Uso unaopuliziwa hauna budi kuwa mpya, umevunjwa sasa hivi, na umepanguswa vumbi. Ukiachwa wazi, hewa huubadilisha. Vumbi la zege la ndani likiangukia ukanda wa nje, hutoa rangi pasipostahili na kumdanganya mpimaji. Mpimaji avae glovu, wala asipulizie karibu na moto, kwa kuwa spiriti huwaka.

Njia ya pili ni ya namba. Zege hutobolewa kwa keekee na unga wake hukusanywa kwa tabaka, kwa mfano kila milimita 5. Unga wa kila tabaka huchanganywa na maji yaliyokenekwa, hutikiswa katika chupa iliyofunikwa, huchujwa, kisha hupimwa kwa mita ya pH iliyosahihishwa kwanza kwa mimumunyo yenye pH inayojulikana. Hupatikana orodha ya namba kutoka usoni kwenda ndani.

Namba hizo zasomwa kwa tahadhari. Maji yaliyoongezwa maabara hayakuwamo ndani ya zege, hivyo kinachopimwa si maji ya vituduni yenyewe, bali ni mmumunyo uliotengenezwa. Chokaa iliyobaki katika unga ikiwa nyingi, huyashibisha maji hayo na kuileta namba karibu na 12.4, hata kama maji ya vituduni yalikuwa na 13. Uwiano wa unga na maji hauna budi kuandikwa katika ripoti. Joto nalo liandikwe: maji yaliyoshiba chokaa yana takriban 12.45 katika sentigredi 25, lakini yana takriban 12.1 katika sentigredi 35. Maabara isiyo na kipoza hewa, mjini kama Tanga au Mombasa, yaweza kuona tofauti hiyo kati ya asubuhi na adhuhuri, pasipo zege kubadilika hata chembe.

Katika istilahi, basi, tunahitaji majina mawili. Njia ya kwanza iitwe "upimaji wa kina kwa kiashiria", na ya pili "upimaji wa pH kwa tabaka". Kuziita zote mbili "kupima pH" ni kuwafanya wasomaji wadhani kwamba rangi imetoa namba. Rangi hutoa mpaka tu. Tena mpaka huo si ukingo halisi wa usalama, kwa sababu rangi hutoweka karibu na pH 9, ilhali utando kinga huweza kuanza kulegea kabla ya hapo. Mbele ya ukingo wa rangi kuna ukanda uliopoteza sehemu ya ualkali wake ambao jicho haliuoni.

7. Mipaka ya kipimo

Liko jambo moja ambalo wakazi wa pwani hawana ruhusa ya kulisahau. pH yaweza kuwa 13 na nondo ikaliwa na kutu vile vile, endapo chumvi ya bahari imeifikia. Kloridi iliyomo katika chumvi huutoboa utando kinga mahali mahali bila kuupunguza ualkali wa zege kwa jumla. Kutu ya namna hii huchimba mashimo, na huweza kuikata nondo kabla ufa mkubwa haujaonekana usoni. Chumvi huja kwa upepo wa bahari, kwa maji yanayorukia nguzo za gati, au kwa mchanga wa ufukweni na maji ya kisima cha chumvi vilivyotumiwa wakati wa kuchanganya zege.

Kwa hiyo zege lililoshika rangi nzuri ya zambarau hadi usoni halijapewa cheti cha afya. Limeonyesha kwamba halijageuka kabonati, basi. Kwa jengo la pwani kipimo cha kloridi chatakiwa kiambatane na kipimo cha pH, na mfasiri wa ripoti asiyaunganishe matokeo yake katika sentensi moja.

Vile vile ukabonatishaji kufika kwenye nondo si kutu bado. Ulinzi umeondoka; kutu huhitaji maji na oksijeni. Nondo za ndani ya chumba kikavu zaweza kukaa muda mrefu bila madhara, ilhali nondo za baraza inayonyeshewa mvua na kukauka kila juma zikaharibika upesi. Wahandisi hutenganisha vipindi viwili: kipindi cha ulinzi kuondoka, na kipindi cha kutu kuenea. Kiswahili nacho kivitenganishe.

8. Istilahi zinazopendekezwa

Nguvu ya zege: uwezo wa zege kubeba mzigo bila kuvunjika. Hupimwa kwa kulibana mpaka lipasuke.

Udumifu wa zege: uwezo wa zege, pamoja na nondo zake, kukaa katika mazingira yake kwa muda uliokusudiwa bila kuharibika. Neno "uimara" litumiwe katika maneno ya jumla tu, si katika ripoti.

Kiwango cha pH: namba ionyeshayo asidi au alkali ya mmumunyo. Kisiitwe kiwango cha asidi wala cha uchachu.

Ualkali: hali ya kuwa na pH iliyo juu ya 7. Neno "magadi" libaki jina la chumvi yake mahususi.

Maji ya vituduni: maji yaliyomo katika vitundu vya zege lililoganda.

Utando kinga: tabaka jembamba la oksidi juu ya nondo, linalozuia kutu katika ualkali mkubwa.

Ukabonatishaji: kugeuka kwa chokaa ya zege kuwa kabonati kwa sababu ya gesi ya kaboni dioksidi.

Kina cha ukabonatishaji: umbali kutoka usoni pa zege hadi ukingo wa rangi ya kiashiria.

Kifuniko cha nondo: unene wa zege kutoka usoni hadi kwenye nondo iliyo karibu zaidi. Hupimwa kwa milimita.

Kiashiria: dutu inayobadili rangi pH inapovuka kiwango fulani.

Kipindi cha ulinzi: muda kutoka kumwagwa kwa zege hadi utando kinga unapoondoka.

Kipindi cha kutu: muda kutoka hapo hadi uharibifu unapohitaji ukarabati.

9. Hitimisho

Ili kuona kama istilahi hizi zinafanya kazi, tuandike sehemu ya ripoti ya jengo la mfano lenye umri wa miaka 25:

"Nguvu ya zege inatosha kwa mzigo uliopo. Kina cha ukabonatishaji ni milimita 18. Kifuniko cha nondo ni milimita 20. Hali isipobadilika, kipindi cha ulinzi kitakwisha baada ya miaka 6 hivi. Kloridi haijapimwa."

Sentensi hizi tano ni fupi, na kamati ya shule yaweza kuzijadili bila mkalimani. Wajumbe wataona kwamba jengo halianguki kesho, kwa hiyo hakuna haja ya kuwahamisha watoto kwa hofu. Wataona pia kwamba wana miaka michache tu ya kuziba njia ya gesi na maji, kwa rangi au lipu inayofaa, kabla kazi haijawa ya kubomoa zege na kusafisha nondo. Sentensi ya mwisho itawafanya waulize swali lililobaki. Ripoti hiyo hiyo ingeandikwa kwamba "uimara wa zege umepungua", wasingejua hata moja kati ya hayo.

Mafundi wa zege wana maneno yao, mengi yakiwa mazuri na yaliyokwisha kukomaa kazini; "biskuti" ni mojawapo. Wasomaji walio karibu na kazi za ujenzi, bara na visiwani, wanaombwa kuyaleta maneno yanayotumika kwao kwa ajili ya kifuniko cha nondo, kumwagilia zege, na ufa unaofuata nondo. Istilahi iliyokwisha kukubaliwa kazini haifai kufukuzwa na iliyotungwa mezani, isipokuwa pale ambapo ile ya kazini inaficha jambo ambalo maisha ya watu yanalitegemea.